Kiraka cha Nane

Jumatatu, tarehe 3

Kiti kiko wazi! Mkuu wa kitengo cha kompyuta kastaafu. Kaaga kwa hotuba ndefu, kalia kidogo, kaondoka na kalenda yake ya ukutani. Kimebaki chumba. Chumba chenye mlango. Leo nimepita pale mara kadhaa nikijitia kutafuta waya. Nimejaribu kitasa. Kinazunguka vizuri sana.

Tunaokitaka ni wawili tu, mimi na Bi Taratibu. Jina hilo kapewa na maktaba nzima, maana neno lenyewe halimtoki mdomoni. Taratibu jamani, twende taratibu. Mimi wananiita Bwana Tayari. Nadhani ni kwa sababu ya wepesi wangu. Yeye anatunza seva ya chumba cha kusomea, mimi natunza seva ya kaunta, ile inayojua nani kaazima kitabu gani na kakificha wapi. Zote mbili zinaendeshwa na mfumo ule ule huria, unaotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika dunia nzima. Hawajuani, hawalipwi, na bado hawakosi kutuma viraka vya kuziba kasoro zake. Mimi siku moja bila mshahara ningeanza kuumwa.

Asubuhi mkurugenzi katuita sote wawili. Huyu mama alikuwa mwalimu wa michezo kabla ya kuletwa maktaba, na tangu aje tuna ubao kwenye ukumbi wa kuingilia. Kila kitengo lazima kiandike namba yake kila asubuhi. Namba moja tu. Wafagiaji wanaandika vyumba walivyofagia, kaunta inaandika wasomaji walioingia. Namba ikipanda, mama anatabasamu. Ikishuka, anapuliza filimbi. Kweli kabisa, anayo bado, ipo kwenye droo.

Katuambia makao makuu wameonya kwamba mfumo wetu una matundu, wezi wa mitandaoni wanapenyeza mikono. Kila seva ifike kiraka cha saba. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Wiki hii kitengo chetu kitaandika namba mbili ubaoni, yangu na ya Bi Taratibu, kila mmoja namba ya kiraka alichofikia. Atakayetia fora ndiye mkuu mpya. Nikasema: tayari! Bi Taratibu akauliza kama tunaweza kwanza kusoma tangazo lote. Unaona mwenyewe.

Nikaenda kwenye mashine yangu mbio. Nikaiamuru ijisasishe. Ikasema inachukua viraka. Ikasema imevipata. Ikasema inakagua, inaandaa, inabandika. Ikasema imemaliza, sasa kiraka ni cha saba. Nikapiga meza kwa kiganja. Nikaizima na kuiwasha upya papo hapo, nikasahau kidogo tu kwamba kaunta kulikuwa na foleni. Bibi Kaunta, yule mama wa kuazimisha vitabu, kanipigia ukelele uliosikika hadi rafu za sayansi.

Mashine ikaamka. Nikaiuliza: wewe sasa ni kiraka cha ngapi?

Ikajibu: cha tano.

Cha tano! Kama vile hakuna lililotokea! Ndicho ilichokuwa nacho tangu mwezi uliopita! Nimesugua macho, nimesugua skrini. Tano.

Nyumbani nako mambo si shwari. Mama mkwe yupo tangu wiki iliyopita, na kila mlo ananipakulia sifa za mwanyumba wangu, mume wa shemeji yangu mkubwa. Mwanyumba ana ofisi. Ofisi ina mlango. Watu wakitaka kumwona wanabisha kwanza, wanangoja. Leo kayasema hayo mara mbili kabla sijamaliza kunawa. Mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema hata mimi nimepewa ya kwangu, mama, nimekuwa mkuu. Mke wangu akaacha kijiko hewani. Mama mkwe akapiga makofi kwa furaha, akasema basi Ijumaa kabla ya kupanda basi lake la kurudi atapita kazini kuniona nikiwa nimekaa humo kwa macho yake mwenyewe.

Ijumaa! Basi, kiti hicho si cha kutaka tena. Ni cha kufa na kupona.

Jumanne, tarehe 4

Nimefika wa kwanza. Nimeandika ubaoni: 7. Mashine yenyewe ilisema imefika saba, mimi ni nani niikanushe?

Bi Taratibu akaja, akaandika: 5 na 7. Namba mbili! Mkurugenzi akasimama mbele ya ubao mikono kiunoni, akauliza haya ni matokeo ya mechi? Na kama ni mechi, tumefungwa au tumefunga? Bi Taratibu akaanza kueleza. Mkurugenzi akasema yeye hataki maelezo, anataka namba, kesho aone moja. Kisha akanigeukia mimi, akaitikia kwa kichwa. Kwa kichwa! Mbele ya wafagiaji!

Lakini ndani sina raha. Nimeiamuru mashine ijisasishe tena. Ikanijibu kwa adabu kwamba hakuna cha kusasisha, kiraka cha saba kimeshawekwa. Nikaiuliza: basi wewe ni kiraka cha ngapi? Cha tano. Nikairudia. Hakuna cha kusasisha, saba imeshawekwa. Na wewe je? Tano. Nimewahi kugombana na watu wabishi, hata mama mkwe, lakini mtu aseme ndiyo na hapana kwa pumzi moja bila kuona haya, sijapata kumwona.

Nikaizima, nikaiwasha. Tano. Nikachomoa waya ukutani, nikahesabu hadi mia, nikachomeka. Tano. Bibi Kaunta kaja na kufuli ya baiskeli yake, kaniambia nikigusa waya ule tena atanifunga nayo.

Wakati wa chai Bi Taratibu kanifuata na kikombe chake. Kaniambia, kaka, naona unahangaika na namba. Kasema mfumo una kiini chake katikati, na kiini kina namba yake. Programu zinazokizunguka zina namba yao. Viraka vya sita na vya saba havikugusa kiini hata kidogo, kwa hiyo ukikiuliza kiini kitataja cha mwisho kilichokigusa, cha tano, wala si kosa. Ni kama nyumba, kasema. Ukibadilisha madirisha mwaka huu, tarehe iliyoandikwa kwenye msingi haibadiliki. Kasema kuna amri nyingine ya kuuliza nyumba nzima, na hiyo...

Nikamkata kauli. Nikamwambia ahsante dada, mimi kwangu hakuna shida, kwangu ni saba juu hadi chini. Loo, mimi si mtoto! Mtu anayegombea kiti na wewe akija na kikombe na mfano wa nyumba, ujue kuna jambo. Anataka nikubali tano kwa mdomo wangu mwenyewe, kisha aende kunisema. Nimemshtukia mapema.

Na sasa nimeanza kuwaza. Nani huwa karibu na mashine yangu nikienda kula? Yeye. Nani anajua amri ambazo mimi sizijui? Yeye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, tarehe 5

Siku ya ushindi! Ngoja niandike kwa utaratibu.

Nimeamka na wazo. Kila ukiingia kwenye mashine yangu, kabla ya lolote, yatokea maandishi ya kukaribisha: karibu, mfumo fulani, toleo fulani, kiraka cha tano. Maandishi hayo hukaa kwenye faili. Na faili ni maandishi tu, na maandishi huandikwa na mtu. Nikalifungua. Nikafuta tano. Nikaandika saba. Dakika moja! Watu wa kujitolea dunia nzima wanakesha kuandika viraka, na kumbe tiba ilikuwa kufuta na kuandika.

Mkurugenzi alipopita nikajitia kuingia kwenye mashine kwa bahati. Karibu, kiraka cha saba! Akanipiga bega. Kofi la kocha, bado linauma.

Raha haikudumu. Nimetoka nje, nikakuta Bi Taratibu naye kashinikizwa aandike namba moja, kaandika 7. Tumelingana! Mkurugenzi akatangaza kwamba sare ikibaki hadi Ijumaa, kiti atapewa aliyetangulia kuajiriwa. Aliyetangulia kuajiriwa ni Bi Taratibu, kanitangulia mwezi mmoja. Papo hapo nikaiona Ijumaa kichwani. Nimemwona mama mkwe akiingia na mkoba wake, ananitafuta chumbani, ananikuta huku nje kwenye stuli karibu na choo, ndipo meza yangu ilipo. Nimemwona akimsimulia mwanyumba. Nimemwona mwanyumba akisikitika kwa upole. Ule upole wake ndio unaoniua.

Nikasimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Nikafuta saba yangu.

Nikaandika nane.

Kwa nini nisiandike? Saba imeandikwa kwa mkono, nane nayo haiandikwi kwa mguu. Nikarudi ndani, nikarekebisha maandishi ya kukaribisha. Karibu, kiraka cha nane. Ilipendeza zaidi hata. Nane imejaa, imenona. Saba ni kama mtu asiyekula.

Bi Taratibu akaja akiwa amepauka. Kaniambia kwa sauti ya chini, kaka, kiraka cha nane hakijatolewa.

Nikamwambia: kwako bado.

Ah! Hilo jibu! Limetoka lenyewe! Nimelirudia mara kadhaa njiani nikirudi nyumbani, mpaka mtu mmoja akavuka barabara kunikwepa.

Mkurugenzi kapuliza filimbi, lakini ile ya furaha. Kawaita wafagiaji waje waone. Kasema huu ndio moyo wa michezo: makao makuu wanaomba saba, sisi tunawapa nane. Wamenipigia makofi. Bibi Kaunta hakupiga, alikuwa ameshika kufuli.

Alhamisi, tarehe 6

Sifa zangu zimetoka nje ya jengo. Mkurugenzi hakuweza kujizuia. Kapiga simu makao makuu na kuwaambia sisi tuko nane. Makao makuu wakapigia matawi mengine yote kuuliza kwa nini yamelala. Nasikia wataalamu wa matawi hayo wanahaha, wanatafuta kiraka cha nane kila pembe ya mtandao, mmoja kakwaruzana na mkubwa wake, mwingine kaomba likizo. Pole zao. Si kila mtu amejaliwa.

Habari kubwa: mkaguzi kabadilisha ajenda. Kesho haji tena kukagua. Anakuja kujifunza! Kwangu! Kaomba nimtengee nusu saa.

Wivu nao haukulala. Saa nne Bi Taratibu kamleta mkurugenzi mpaka kwenye mashine yangu, kaomba ruhusa, kaandika amri ya kukiuliza kiini. Tano. Kwenye skrini yangu, kwa herufi nyeupe. Mkurugenzi akageuka taratibu, uso wote kama mtu aliyelamba ndimu. Lakini mjanja hakosi la kusema. Nikasema mama, hiyo ni kumbukumbu ya zamani tu, mashine haijazoea ukubwa wake, nipe mpaka saa nane mchana. Kakubali. Yeye mwenyewe kasema wachezaji wapya huchukua muda kuzoea jezi.

Sikula. Watu walipotoka, nikaandika programu yangu ya kwanza tangu nianze kazi hii. Mstari mmoja. Kazi yake ni moja. Nikaiita kwa jina lile lile la amri ya kuuliza, nikaiweka mahali pa ile amri, na ile ya zamani nikaisukumia pembeni. Ukiuliza, inajibu nane. Basi. Haina porojo, haina kiini, haina madirisha ya nyumba.

Saa nane mchana nikamwita mkurugenzi. Nikamwomba Bi Taratibu mwenyewe, kwa heshima zote, aandike amri yake. Kaandika. Nane! Mkurugenzi kanyanyua mikono yote miwili kama timu imechukua kombe. Nimewakomesha!

Bi Taratibu hakunyanyua chochote. Alitazama skrini kwa muda, kisha akanitazama mimi. Jioni tukikusanya vitu vyetu kanijia peke yake, hakuna wa kumsikia. Kaniomba, kaka, toa kile kitu kabla ya kesho. Kasema hana nia ya kunisema tena, kwamba mashine yangu iko sawasawa kabisa, sina sababu ya kuipaka rangi. Kasema anaijua hamu ya kitu, lakini nitaumia bure.

Nikiwa mkweli, moyo ulinilegea kidogo. Alikuwa anasema kama dada wa kweli. Kisha nikakumbuka mlango. Nikamwambia atalala vizuri tu akizoea.

Nyumbani nimefanya mazoezi ya kusema karibu kwa sauti nzito. Mke wangu kauliza kama nina kikohozi. Nikamweleza kila kitu, maana naye hajui kuficha macho yake akishuku. Akakunja nguo moja mara tatu. Kaniuliza kama nina haja ya mlango au ya sifa za mama yake. Nikasema vyote viwili. Kasema haya, Mungu si Athumani, tutaona.

Ijumaa, tarehe 7

Siku ya siku! Sijui nianzie wapi. Nimeshinda, lakini ushindi wenyewe umepita njia za panya.

Mkaguzi kaja saa tatu. Kijana mwembamba, kalamu sikioni, kompyuta yake begani. Kanipa mkono kwa mikono miwili, kaniita mtaalamu. Mbele ya kaunta nzima! Mkurugenzi alikuwa kavaa viatu vipya. Na palepale, nani anaingia? Mama mkwe na mkoba wake, mke wangu nyuma. Nikamwekea kiti karibu, aone. Mkaguzi akaniuliza mama huyu ni nani, nikasema ni mkwe wangu, akamsalimia kwa heshima, shikamoo mama. Mambo yalikuwa yanaenda kama maji mteremkoni.

Akakaa kwenye mashine yangu. Karibu, kiraka cha nane. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Akaandika amri ya kukiuliza kiini. Nane. Akasema hapana, ajabu, hebu. Akaandika tena, safari hii akauliza jina la mashine.

Nane, ikajibu mashine.

Akaiuliza mfumo wake unaitwaje. Nane. Akaiuliza ni aina gani ya mashine. Nane. Sikujua kwamba amri ile ile watu huiuliza na mambo mengine! Nani angejua! Mama mkwe akasema kwa sauti kwamba hiyo ndiyo mashine ya kweli, ina msimamo.

Mkaguzi hakucheka. Alitafuta kidogo, akaikuta programu yangu, ule mstari mmoja, akausoma hadi mwisho, jambo ambalo halikuchukua muda. Akaufuta. Akairudisha amri ya zamani. Akauliza kiini. Tano. Mkurugenzi akashika kifua. Kisha mkaguzi akaandika amri nyingine, ambayo mimi sijawahi kuiona, ya kuuliza programu zote zinazokizunguka kiini.

Saba.

Mkaguzi akageuza kiti, akamweleza mkurugenzi kwa upole, yale yale ya msingi na madirisha, hata mfano haukubadilika. Viraka vya sita na saba havikugusa kiini, kwa hiyo kiini kinabaki tano, na nyumba nzima ni saba, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Kiraka cha nane hakipo popote duniani. Kisha kanitazama mimi, wala hakukasirika, alikuwa kama mtu anayetaka kulia. Kasema: bwana, saba ulikuwa nayo tangu Jumatatu. Umeghushi kitu ambacho tayari ni chako.

Sikia hapo! Mkaguzi wa makao makuu, mbele ya mashahidi, kathibitisha kwamba mimi nilifika saba tangu siku ya kwanza! Siku ile ile! Kabla ya mtu yeyote!

Mkurugenzi hakuliona kwa upande huo. Kasema Bi Taratibu ndiye mkuu wa kitengo, kuanzia sasa hivi. Kasema mimi nisiguse kibodi tena ndani ya jengo hili, si ya kaunta, si ya kusomea, hata ile mbovu iliyoko stoo. Akatafuta mahali pa kunipeleka. Bi Taratibu akasema kwa sauti yake ile ndogo kwamba yeye hakihitaji chumba cha mkuu, anataka kukaa karibu na mashine zake, azisikie zikipumua. Mkurugenzi akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye mlango. Wewe! Kaa humo! Utaletewa vitabu vilivyochanika vya sehemu ya watoto, gundi, sindano na uzi, na usitoke mpaka nikuite!

Mama mkwe, ambaye mambo ya viini na viraka yalimpita pembeni, aliona nini? Aliona mgeni wa makao makuu ananipa mkono kwa mikono miwili. Aliona mazungumzo marefu ya kitaalamu. Aliona mkurugenzi anasimama na kunionyesha ofisi yangu. Akaanza kupiga vigelegele. Maktaba! Vigelegele! Msomaji mmoja kaangusha kamusi.

Nikaingia. Nikafunga mlango. Kitasa kikasema klik. Nikakaa kwenye kiti, masikio yanawaka moto. Kusema kweli hapo niliona aibu, aibu ya kutaka kuingia chini ya meza. Mimi fundi wa seva, na kibodi hata ya stoo nimenyimwa.

Ndipo nikasikia: hodi.

Mtu anabisha. Mlangoni kwangu. Nikakohoa, nikasema karibu, kwa ile sauti ya mazoezi. Mama mkwe akaingia, akasimama katikati ya chumba, akazunguka kutazama kuta, dirisha, meza. Akagusa mlango kwa kiganja. Akasema: mwanangu, kumbe na wewe una mlango. Kisha kasema jambo ambalo sikulitarajia. Kasema alikuwa ananisemasema habari za mwanyumba kwa hofu tu, alihofia binti yake kaolewa na mtu anayekaa kwenye stuli. Sasa anarudi kwake moyo mweupe. Machozi yakanilenga. Nikasema ni vumbi la vitabu.

Haijaisha. Hodi tena. Bi Taratibu! Kasimama mlangoni mikono nyuma, kaniinamia kidogo, kauliza mbele ya mama mkwe: samahani bosi, unaniruhusu nichukue faili langu hapo kwenye rafu? Nikamruhusu. Akachukua, akasema ahsante bosi, akafunga mlango polepole. Nimemwona mke wangu huko nje akimshika mkono na kumnong'oneza kitu, akifuta macho. Sijui walikuwa wanasemezana nini, mambo ya wanawake. Lakini lililo wazi ni hili: Bi Taratibu, mkuu wa kitengo, kaniita bosi. Mwenyewe, kwa hiari yake. Mtu anapokubali kushindwa kwa adabu namna ile, lazima umheshimu.

Jumatatu, tarehe 10

Nimeanza kazi mpya. Vitabu vya watoto vinachanika vibaya. Vimeletwa thelathini na kimoja, kimojawapo kimeliwa pembe. Mpaka saa tano asubuhi nimeshona vinne, na vidole vimejaa gundi mpaka kalamu hii hainiachi.

Mama mkwe kafika salama. Mke wangu kasema mama yake keshamsimulia mwanyumba kila kitu, na mwanyumba kanyamaza kwenye simu kwa muda mrefu. Naomba kila mtu aonje angalau mara moja maishani ukimya wa namna hiyo.

Mke wangu kanisihi asubuhi nikitoka. Kasema umepona kwa bahati, sasa tulia, sema kilichopo basi, kilichopo kinatosha. Nikamwambia nimeelewa. Na nimeelewa kweli! Yale mambo ya kiini nimeyafikiria wikendi yote na sasa naweza kumfundisha mtu. Kitu kimoja kinaweza kuwa na namba mbili, zote halali. Mkaguzi mwenyewe kasema.

Nimetoka kuandika ubaoni, maana kila kitengo ni lazima, hata changu cha mtu mmoja. Bi Taratibu kaandika 5 na 7, na safari hii mkurugenzi kapita, kasoma, kaitikia kwa kichwa. Anaruhusiwa! Nikasimama hapo, chaki mkononi, nikaona mwanga. Nikaandika: Vitabu vilivyoshonwa, kiini: 4. Nyumba nzima: 31.

Nani atabisha? Atakayebisha abishane na mkaguzi.

Nasikia viatu vinakuja huku, vile vipya vya mkurugenzi, kwa kasi. Vimesimama nje. Anagonga. Mkurugenzi mzima, filimbi mdomoni, na bado kagonga kwanza!

Nimemwambia angoje kidogo, nina kazi.